Hilo ni Juu ya Watu Wangu

Nimekuja na jibu moja la kuwasimulia, jibu la maneno machache, lililotolewa mwezi wa Septemba mwaka 1924 huko Virginia, Marekani, na binti wa miaka 18 aliyeitwa Carrie Buck. Alikuwa mbele ya bodi ya taasisi alimofungiwa, karibu na mji wa Lynchburg. Ilikuwa taasisi ya serikali ya jimbo kwa ajili ya wenye kifafa na wale walioitwa wapungufu wa akili; wenyewe waliiita Koloni. Wajumbe wa bodi walikutana kuamua kama binti huyu apasuliwe, akatwe mirija ya uzazi, asizae tena mpaka kufa kwake. Wakamuuliza kama ana neno lolote la kusema kuhusu operesheni hiyo. Carrie akajibu: hapana, bwana, sina, hilo ni juu ya watu wangu.

Kila nikisoma habari za kesi hii nakwama hapo. Kwetu sisi hilo ni jibu la binti aliyelelewa. Akiulizwa jambo zito mbele ya wakubwa hapayuki. Husema, nina wazee wangu, waulizeni wao. Posa hujibiwa hivyo. Na anaposema hivyo anajua kuna mjomba, kuna shangazi, kuna mama mdogo asiyekubali kudanganywa, kuna mtu atakayekohoa pale barazani aseme, jamani, hebu ngojeni kwanza. Basi jioni hii tuwatafute watu wa Carrie Buck, tuone walikuwa wapi.

Mama yake, Emma, alikuwa humo humo kwenye Koloni. Alifungiwa tangu mwaka 1920, mwanamke maskini asiye na mume, aliyesemwa vibaya mjini Charlottesville, akapimwa, akaandikwa. Baba hakuwepo. Carrie mwenyewe alichukuliwa angali mdogo sana, akalelewa na familia nyingine. Alisoma mpaka akaingia darasa la sita, na mwalimu wake aliacha maandishi kwamba mwenendo na masomo yake ni mazuri sana. Kisha walezi wakamtoa shule awafanyie kazi za nyumbani. Hilo halihitaji kuelezwa kwa msikilizaji wa huku. Wangapi tumekua nyumba moja na binti aliyeletwa mjini asomeshwe, akaishia jikoni?

Mwaka 1923, akiwa na miaka 17, Carrie akapata mimba. Alivyoeleza mwenyewe, mpwa wa mama mlezi alimwingilia kwa nguvu wakati wenye nyumba hawapo. Sasa angalieni familia ilichofanya. Haikumtafuta kijana. Mwanzoni mwa 1924 ilikwenda mahakamani kuomba Carrie atangazwe kuwa mpungufu wa akili, apelekwe Koloni. Ombi likakubaliwa. Mwezi Machi akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Vivian. Mtoto akabaki kwa walezi wale wale. Mama akachukuliwa mwezi Juni. Mimba iliyokuwa ushahidi wa kosa la mwanamume ikageuzwa kuwa ushahidi wa ugonjwa wa binti. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Watu wengine aliokuwa nao Carrie alipewa na sheria. Alipewa msimamizi wa maslahi yake, kwa malipo. Alipewa wakili, Irving Whitehead. Wakili huyu aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya Koloni yenyewe, na alikuwa rafiki wa siku nyingi wa Aubrey Strode. Na Strode ni nani? Ndiye aliyeiandika sheria ya kuwafunga watu uzazi, na ndiye aliyesimama mahakamani kuitetea Koloni. Kesi ilipofika Amherst mwezi Novemba 1924, upande wa Koloni ulileta walimu, majirani na wataalamu. Whitehead hakuleta shahidi hata mmoja. Maandishi ya yule mwalimu yalikuwepo shuleni; hakuna aliyetumwa kuyachukua.

Lakini kwa nini Carrie, kati ya mamia waliofungiwa mle? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mkuu wa Koloni, Dk. Albert Priddy, alianza kuwapasua wanawake kabla sheria haijamruhusu, akiandika kwenye majalada kwamba anatibu maradhi ya sehemu za uzazi. Aliwafanyia hivyo Willie Mallory na binti yake. Lakini Willie alikuwa na mume, George, kibarua wa kiwanda cha mbao. George akamwandikia daktari barua. Tahajia yake imekwenda kombo, maana haikupotea: ulikuwa na ruhusa ya nani kumpasua mke wangu na mwanangu? Mimi ni mtu wa kazi, familia yangu naiweza, na mimi ni binadamu kama wewe. Daktari akamjibu kwamba akithubutu kuandika tena atamkamatisha. Familia ikamfikisha mahakamani. Wazee wa baraza walimpa daktari ushindi, lakini alitoka pale akiwa ameonywa, na alikwisha kuelewa kwamba bila sheria ya kumkinga ipo siku kibarua mwingine atamwangusha.

Ndipo ikatungwa sheria, ikapitishwa Machi 1924, na ndipo ikatafutwa kesi ya kuipima mpaka mahakama ya juu kabisa. Wakampata binti ambaye mama yake yumo ndani, mlezi wake ndiye aliyempeleka, na wakili wake ni wa kwao. Siamini kwamba ilitokea tu. Willie Mallory alikuwa na George. Carrie hakuwa na mtu wa kuandika barua, hata yenye makosa.

Ile taaluma iliyotumika kumhukumu iliitwa yujeniki, jina lililobuniwa na Mwingereza Francis Galton mwaka 1883. Wazo lake ni la mfugaji: dume zuri lipande, dhaifu lihasiwe, zizi litanawiri. Mtaalamu wao mkuu Marekani alikuwa Harry Laughlin, wa Ofisi ya Kumbukumbu za Yujeniki huko Cold Spring Harbor, New York. Laughlin hakuwahi kumtia Carrie machoni. Alitoa ushahidi kwa maandishi, akitegemea maelezo aliyopelekewa na Priddy, kwamba familia hii ni ya tabaka la wazungu wa Kusini wavivu, wajinga, wasio na faida. Kwa kichanga Vivian, aliyekuwa na miezi saba au minane, mhudumu wa ustawi wa jamii aliiambia mahakama kwamba sura yake ina kitu kisicho cha kawaida, lakini ni kitu gani hasa hawezi kusema. Hawezi kusema! Na maneno hayo yakaingia kwenye kumbukumbu za mahakama kama ushahidi wa kizazi cha tatu.

Priddy alikufa kabla ya mwisho wa kesi. Nafasi yake ikachukuliwa na Dk. John Bell, na ndiyo maana kesi inajulikana kama Buck dhidi ya Bell. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu tarehe 2 Mei 1927. Majaji wanane waliafiki, mmoja, Pierce Butler, akapinga bila kuandika sababu. Aliyeiandika hukumu ni Oliver Wendell Holmes, mwenye miaka 86, mtu aliyeheshimiwa nchi nzima kwa elimu yake. Alisema kwamba taifa huwaita raia wake bora wafe vitani, kwa hiyo si vibaya kuwadai wale wanaoinyonya nguvu nchi sadaka iliyo ndogo kuliko hiyo. Akasema kanuni inayohalalisha chanjo ya lazima ni pana ya kutosha kufunika na kukata mirija ya uzazi. Akafunga kwa sentensi inayotajwa mpaka leo: vizazi vitatu vya mapunguani vyatosha.

Hata kwa mizani yao wenyewe sentensi hiyo ni ya uongo. Vipimo vyao viligawa watu kwa madaraja, na neno alilotumia Holmes lilikuwa la daraja la chini kuliko alilowekwa Carrie au Emma. Na ile hoja ya chanjo nimeikalia siku nyingi, maana ina sura ya hekima. Kesi aliyoitegemea ni ya mwaka 1905, ya mtu wa Massachusetts aliyekataa chanjo ya ndui. Mnajua alifanywa nini? Alitozwa faini ya dola tano. Hakushikwa na kuchomwa sindano kwa nguvu. Kutoka faini ya dola tano mpaka kulazwa juu ya meza, ukakatwa kilicho chako usirudishiwe tena, ni mwendo mrefu, na mzee yule aliukata kwa sentensi moja.

Tarehe 19 Oktoba 1927 Dk. Bell alimpasua Carrie Buck. Hakukawia kuruhusiwa kutoka Koloni, akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1932 akaolewa. Mwaka huo huo mwanawe Vivian akafa kwa maradhi ya tumbo, akiwa na miaka minane. Yule mtoto mwenye sura isiyo ya kawaida alikuwa amekwisha kuingia shule, na mwaka 1931 jina lake liliandikwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri.

Nimtaje na mdogo wake Carrie, Doris, kwa sababu habari yake inaniuma kuliko zote. Naye alipasuliwa, mwaka 1928, akaambiwa wanamtoa kidole tumbo. Akaolewa. Miaka yote wakahangaika na mumewe kutafuta mtoto, wakizunguka kwa madaktari, wakilia na kusubiri. Alikuja kuambiwa ukweli akiwa mwanamke mzee, zaidi ya miaka 50 baadaye. Fikiria idadi ya miezi aliyohesabu bure mwanamke huyo.

Baada ya hukumu ile mlango ukawa wazi. Majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hii, na watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi, California peke yake wapatao 20,000, Virginia zaidi ya 8,000. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake Julai 1933, ikifuata kwa karibu mfano uliochapishwa na Laughlin, na watu wapatao 400,000 wakapasuliwa kwa amri ya mahakama maalumu za afya ya uzao. Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimtunuku Laughlin shahada ya heshima. Vita vilipokwisha na Wajerumani wakashitakiwa Nuremberg, mawakili wao waliyasoma maneno ya Holmes: mnatuhukumu kwa nini, na ninyi mmefanya? Laughlin mwenyewe, niliseme hili kwa huzuni, alikuwa na kifafa. Alikuwa mmoja wa wale aliotaka wasizae.

Na kwetu? Mwaka 1933, mjini Nairobi, madaktari na walowezi wa Kizungu waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mbele yao alikuwa Dk. H. L. Gordon, tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, ile ile tunayoijua. Alipima vichwa vya Waafrika, akatangaza kwamba ubongo wetu una upungufu wa asili, akahoji kama inafaa kutupa elimu ya Kizungu. Waliiomba serikali ya London fedha za kuendeleza utafiti huo, wakanyimwa. Nalitaja ili tusisikilize habari za Carrie Buck kama hadithi ya mbali. Fimbo ya neno mpungufu wa akili ilichongwa kwa ajili ya maskini wa Virginia, na mwenye kuishika alipofika huku alituona sisi sote tumo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Miezi iliyopita, msibani, mama mmoja mtu mzima alinikalia karibu. Ana binti wa miaka 19 mwenye ulemavu wa akili. Binti anaongea taratibu, anaosha vyombo vizuri, ukimtuma dukani atarudi na chenji kama ulivyomwagiza. Mama anauza vitumbua, anatoka alfajiri, binti hubaki peke yake mpaka saa nne. Akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, wewe unasomasoma, hospitali wanaweza kumfunga kizazi huyu? Nikifa mimi, nani atamlea yeye na mtoto wake?

Mama huyu si Priddy. Nisingependa mtu yeyote amweke benchi moja na wale wazee wa Koloni. Anampenda mwanawe kwa mapenzi ambayo wengi wetu hatujawahi kudaiwa. Wapo wengine wanaokwenda mbali zaidi, wanaomba mfuko wa uzazi utolewe kabisa, kwa sababu ya tabu ya hedhi na maneno ya majirani. Hofu hizo zote ni za kweli, na hakuna ofisi iliyowabishia hodi kuwaambia tutakusaidia.

Lakini niliporudi nyumbani nikamkumbuka Carrie. Nilisema nitalirudia jambo la mimba. Kumfunga binti uzazi hakumzuii mwanamume anayeingia nyumba ikiwa tupu. Kinachozuiwa ni tumbo kukua. Na kwa binti asiyeweza kueleza vizuri, au anayeeleza na hasikilizwi, mara nyingi tumbo ndilo shahidi pekee aliyebaki. Ukimfunga, umemwondoa shahidi. Mwenye kosa atarudi kesho na keshokutwa, salama kuliko mwanzo. Mpwa yule wa Charlottesville hakuwahi kusimamishwa mahakamani, na vitabu vizima vimeandikwa kuhusu kizazi cha Carrie.

Mtaniuliza, na kama binti mwenyewe anataka? Basi ni lake. Wapo watu wenye ulemavu wa akili wanaojua wasichotaka, na kuwanyima njia ya uzazi wa mpango waliyoichagua ni kuwaonea kwa upande wa pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, umesema wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine, watoto wakiwemo. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unataka mtu asaidiwe kuamua: aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa picha ikibidi, mara kumi ikibidi, na apewe muda. Hiyo ni kazi ya siku nyingi na ya subira. Saini ya mzazi hupatikana kwa dakika moja.

Tena saini zenyewe tumeziona. Mwaka 1973, Montgomery, Alabama, mabinti wawili weusi wa familia ya Relf, wa miaka 14 na 12, walifungwa uzazi katika mpango uliolipiwa na serikali. Mama yao hakujua kusoma. Aliweka alama ya msalaba kwenye karatasi akidhani wanapigwa sindano za uzazi wa mpango. Karatasi ilionekana halali kabisa, kama zilivyoonekana halali karatasi zote za Carrie: bodi ilikaa, msimamizi alikuwepo, wakili alikuwepo, rufaa ilikatwa mpaka juu.

Nchi nyingine zimechelewa sana. Japani ilifuta sheria yake ya namna hii mwaka 1996 tu, baada ya watu wapatao 25,000 kupasuliwa, na Julai 2024 ndipo Mahakama ya Juu yao ikasema sheria ile ilivunja katiba. Virginia iliomba radhi mwaka 2002, siku ile ile ya Mei iliyotimiza miaka 75 tangu hukumu, na mwaka 2015 ikakubali kumlipa kila aliye hai dola 25,000. Hukumu ya Holmes yenyewe haijawahi kutenguliwa rasmi na mahakama iliyoitoa.

Carrie hakuyaona hayo. Waliomtembelea uzeeni walimkuta anasoma gazeti kila siku na kujaza mafumbo ya maneno. Alisema kwamba walimkosea, waliwakosea wote. Alikufa Januari 1983, akazikwa Charlottesville, katika makaburi yale yale alimolala Vivian.

Nilimrudia yule mama wa vitumbua. Sikumpa hotuba. Nilimuuliza kama amewahi kuzungumza na binti mwenyewe. Akanishangaa kidogo, akasema, atanielewa nini? Nikamwomba ajaribu, siku ana nafasi, polepole. Zikapita wiki mbili akanipigia simu. Anasema alikaa naye uani wanachambua mchele, akamweleza kwamba kuna operesheni, mtu anafungwa asipate mtoto, ni kwa usalama wake. Binti akaendelea kuchambua muda mrefu, mpaka mama akadhani hakusikia. Kisha akauliza: na yule wa dukani, naye watamfunga?

Ndiyo mara ya kwanza mama yule kusikia kwamba kuna wa dukani.